Usikubali Gari Lako Litolewe Themostati

Kisa hiki kilimpata jamaa mmoja wa hapa Morogoro, mtu makini anayelijali gari lake. Nakisimulia kwa sababu yeyote kati yetu angeweza kuingia mtego huohuo.

Gari lake la mtumba kutoka Japani lilichemsha akipanda milimani Mgeta kufuata karoti na kabichi. Aliporudi mjini, fundi aliitoa themostati na kumwambia, "Bosi, hiki kidude ni cha nchi za baridi. Huku kwetu kinakuchemshia gari bure." Kweli, gari likaacha kuchemsha, na wote wawili wakaridhika.

Tatizo lilianzia hapo. Themostati huyazuia maji ya injini yasipite kwenye rejeta mpaka yapate moto wa kutosha; kwenye magari mengi hufunguka kuanzia nyuzijoto 80 na kitu. Ikitolewa, maji hupozwa tangu unapowasha gari. Sensa ya joto huiambia kompyuta kuwa injini bado ni ya baridi, nayo kompyuta huendelea kumwaga petroli ya ziada.

Kwenye joto la mjini hali hiyo haikujionyesha sana. Lakini ukiiacha barabara ya Iringa pale Sangasanga na kuanza kuupanda Uluguru, hali ya hewa hubadilika. Mwezi Juni na Julai, asubuhi ya Nyandira, hukohuko Mgeta, ni ya makoti. Huko ndiko gari lilikoanza kutetemeka kila lilipowashwa asubuhi. Likiwa sailensa lilikosakosa, na mara nyingine lilizima lenyewe.

Dalili zilikuwepo, tena nyingi. Ya kwanza ni mshale wa joto kwenye dashibodi. Zamani ulikuwa ukipanda hadi karibu na katikati na kutulia hapo. Sasa ulibaki chini, na kwenye mteremko mrefu wa kurudi mjini ulishuka zaidi. Mwenye gari aliuona, akafurahi kwamba injini yake haipati moto. Ya pili, mafuta yalianza kuisha haraka, naye akaulaumu mlima. Ya tatu, plagi zilitoka nyeusi tii kwa masizi. Akanunua mpya, gari likatulia kwa muda, kisha likarudia yaleyale. Akabadilisha tena.

Dalili ya nne ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote. Stiki ya oili ilionyesha oili imeongezeka, na ukiinusa ilikuwa na harufu ya petroli. Ndugu zangu, oili ya injini haiongezeki yenyewe. Petroli isiyoungua ilikuwa ikichuruzika kwenye kuta za silinda na kuchanganyika na oili hadi oili ikawa nyepesi. Aliambiwa, "Hiyo ni baridi tu ya mlimani," akaendelea kubeba mzigo. Mwishowe beringi za injini zikaanza kugonga, na injini ikabidi ishushwe.

Fundi aliyeishusha ndiye aliyegundua kilichokuwa kimelichemsha gari siku ile ya kwanza: mfuniko wa rejeta uliochoka, usioweza tena kushikilia presha. Ni kitu cha bei ndogo kabisa.

Basi tujifunze. Gari likichemsha, tutafute sababu: mfuniko, mipira inayovuja, feni, pampu ya maji, rejeta iliyoziba. Themostati ikishukiwa, ipimwe kabla ya kuhukumiwa. Itumbukize kwenye sufuria ya maji na uyachemshe. Nzima itaanza kufunguka maji yakikaribia kuchemka, na itajifunga ikipoa. Ikigoma, weka nyingine ya gari hilohilo, wala usiache nafasi wazi.

Na gari likitetemeka kwenye baridi, tusikimbilie kununua plagi. Washa injini ikiwa imepoa, kisha ushike mpira wa juu wa rejeta, ukiwa mbali na feni. Themostati ikiwepo na ikiwa nzima, kwenye magari mengi mpira hubaki wa baridi kwa muda, halafu hupata moto kwa ghafla. Ukianza kuwa vuguvugu mapema na kupanda polepole pamoja na injini, uliza kama themostati imo. Usifungue kamwe mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto.

Tena, unaponunua gari la mkononi, muulize muuzaji kama themostati imo kabla hujatoa fedha. Na fundi akitaka kutoa kifaa chochote, mwombe akueleze kazi yake kwanza. Asipoweza kuieleza, kifaa kibaki mahali pake.