Je, Mume Maskini Amepoteza Cheo Chake Nyumbani?

Ndugu msomaji, yuko mwanamume aondokaye alfajiri kutafuta kibarua, akakosa, kisha asirudi nyumbani hata saa tano ya usiku, watoto wakiwa wamekwisha lala. Hastarehe huko barazani, anaona haya. Hujiambia kwamba baba asiyeleta unga hana la kusema mbele ya mkewe. Mwingine hurudi mapema, lakini hurudi na ukali, ili asiulizwe ameleta nini.

Huenda wewe unayeuchunguza Uislamu ukasema kwamba fikra hiyo imetoka katika Kurani Tukufu yenyewe, kwani sura ya 4 aya ya 35 inataja usimamizi wa wanaume pamoja na mali wanayoitoa. Mali ikikosekana, usimamizi unasimama juu ya nini? Swali hili ni la haki, wala halifai kujibiwa kwa kelele.

Kurani Tukufu hiyo hiyo, katika sura ya 65 aya ya 8, humtaka mwenye wasaa atoe kwa kadiri ya wasaa wake, na aliyepungukiwa atoe katika kile alichopewa na Mwenyezi Mungu. Basi mtu haulizwi asichopewa, huulizwa alichozuia. Hind binti Utba alipomlalamikia mumewe kwa Mtume s.a.w. kwamba hampi matumizi ya kumtosha yeye na watoto, mlalamikiwa hakuwa fukara. Alikuwa Abu Sufyan, mkubwa wa Makureshi!

Sasa mtazame Abdullah bin Masud r.a. Huyu ni mmoja wa wanne ambao Mtume s.a.w. aliwaagiza watu wajifunze Kurani kwao, lakini mkono wake ulikuwa mtupu. Mkewe Zainab r.a. ndiye aliyemtunza, pamoja na mayatima aliowalea. Wanawake walipohimizwa kutoa sadaka, Zainab alitaka kujua kama kumpa mumewe kungehesabiwa. Akamwomba Abdullah amwulizie. Abdullah akamwambia aende mwenyewe. (Labda naye aliona haya, ni mwanadamu.) Mlangoni akamkuta mwanamke wa Kiansari mwenye swali lile lile, na Bilal r.a. akawapelekea. Jibu likaja kwamba wana thawabu mbili: ya ujamaa na ya sadaka. Halikuwamo neno la kumfedhehesha Abdullah, wala hakuna aliyeacha kujifunza Kurani kwake kwa sababu alilishwa na mkewe.

Tena asiye na kitu mikononi bado ana mikono. Bibi Aisha r.a. alipoulizwa Mtume s.a.w. alifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumbani mwake, na wakati wa sala ulipofika alitoka. Na hiyo ni nyumba ambamo miezi ilipita bila moto kuwashwa jikoni, chakula kikiwa tende na maji. Aliyekosa kibarua aweza kuteka maji, kumwogesha mtoto, kumfundisha sala. Majirani watasema amelishwa limbwata. Na waseme.

Lililo gumu zaidi ni kumwambia mke kweli, kwamba leo sikupata, tena mapema, kabla hajabandika sufuria. Na yule wa saa tano ya usiku, mwanawe anajua tangu zamani kwamba baba hana fedha. Asichokijua ni kwa nini baba hataki kumwona.