Nyonga ya Mbwa, Nyonga ya Shosho

Kuna oparesheni ya kumwekea mbwa nyonga mpya. Daktari anakata kichwa cha mfupa wa paja kilichosagika, anaingiza kijiti cha chuma ndani ya mfupa, na upande wa pili anaweka kikombe cha plastiki ngumu ili kichwa kipya cha duara kizunguke humo. Ni kitu kile kile John Charnley alianza kuwafanyia watu kule Wrightington, Uingereza, mwaka 1962, ila huyu mgonjwa ana mkia. Marekani wamewafanyia mbwa tangu miaka ya 1970. Nyonga moja ni maelfu ya dola. Chukua dola 6,000 uzidishe kwa 129: ni zaidi ya laki saba na nusu.

Tuma video ya mbwa kama huyo kwenye grupu yoyote ya WhatsApp hapa Embu uone. Wa kwanza atacheka. Wa pili atauliza kama mbwa amejisajili SHA. Wa tatu, na huyu hakosi, ataleta shosho: yaani shosho yangu anatembea na fimbo huko Kianjokoma, na kuna mtu anawekea mbwa chuma?

Hoja ya shosho si ya kupuuzwa. Mwaka 1972 Peter Singer aliandika insha akisema kama unaweza kuzuia jambo baya bila kutoa kitu chenye uzito sawa na hilo baya, basi ni wajibu wako kulizuia, hata kama anayeumia yuko mbali na humjui. Ukiipeleka hoja hiyo mpaka mwisho, laki saba na nusu kwa nyonga ya mbwa ni ngumu kutetea mradi kuna mtoto mahali anakufa kwa kukosa dawa ya bei rahisi. Kinachofurahisha ni kwamba Singer ndiye huyo huyo aliyetoa kitabu kikubwa cha kutetea wanyama mwaka 1975. Ukimwita shahidi, jua anaweza kukugeuka.

Lakini hebu tuwe wakweli. Mtu akibadilisha rimu za gari, hakuna anayetaja shosho. Meza ya Jumamosi ikifika bili ya elfu thelathini, shosho amelala, hatumwamshi. Anaamshwa tu mbwa akitibiwa. Na ile pesa ambayo haikuenda kwa mbwa haipandi matatu kwenda Kianjokoma, inabaki mfukoni mwa mwenyewe. Kwa hivyo shosho hapa si mtu tunayemjali. Ni rungu la kumpigia mwingine.

Halafu kuna jambo ambalo grupu haijui. Zile nyonga za binadamu zisizotumia saruji, ambazo uso wa chuma una vitundu vidogo ili mfupa umee ndani yake na kukishika, zilijaribiwa kwa mbwa miaka ya 1970 na 1980 kabla ya kuwa kitu cha kawaida hospitalini. Mbwa wazima, wenye nyonga zao nzuri, walikatwa ili watafiti waone mfupa unavyoshika. Kwa hivyo siku shosho akipata nyonga ya aina hiyo, atatembea kwa deni la mbwa ambao hakuna aliyewauliza. Sisemi haikupaswa kufanywa. Nasema tu kwamba mashindano ya mbwa na shosho yana historia, na katika historia hiyo mbwa ndiye aliyetoa kwanza.

Deni lingine liko karibu zaidi. Tembea Majimbo, Blue Valley, mpaka Kangaru, uhesabu geti zilizoandikwa "Mbwa Kali". (Sarufi ingetaka "mkali", lakini geti za Kenya zilishakubaliana.) Nyuma ya nyingi kati ya hizo kuna German Shepherd au chotara wake. Hii aina ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1899 na mtu anaitwa Max von Stephanitz, na inajulikana sana kwa ugonjwa wa nyonga: kikombe kinakuwa kifupi, kichwa cha mfupa kinacheza, mifupa inasagana. Ugonjwa huu unapita kwenye damu. Marekani kulianzishwa shirika la kukagua eksrei za nyonga za mbwa tangu 1966, ili watu wasizalishe waliolegea. Hapa mtu akinunua kapapi anauliza kama masikio yatasimama. Nyonga ya mama yake? Hakuna anayeuliza.

Kwa hivyo tumemchukua mnyama ambaye watu walimtengeneza na kasoro, tukamfunga mnyororo mchana, tukamfungulia usiku atulinde kwa miaka tisa. Siku anashindwa kuinuka tunaanza kusema mbwa ni mbwa tu. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Hapa mateke ni yetu.

Kant, ambaye hakuwa mtu wa huruma nyepesi, aliwafundisha wanafunzi wake kule Königsberg kwamba mbwa aliyemtumikia mtu kwa uaminifu anastahili kutunzwa hata akiwa hawezi kazi tena, mpaka afe. Ila kwake wajibu huo haukuwa kwa mbwa. Ulikuwa kwa binadamu: anayezoea kumtupa mbwa mzee anajifunza kutupa watu. Nakubali nusu ya kwanza. Ya pili naona ni kukwepa. Mwenye kulinda geti ndiye anayedai, si jirani.

Sasa, je, deni hilo linalipwa kwa chuma? Nilimuuliza shosho mwenyewe, maana amesemewa vya kutosha.

"Shosho, ungekuwa na pesa, ungemwekea mbwa nyonga?"

Hakucheka. Aliuliza, "Na nani atamwambia asiruke?"

Hapo alishika jambo kuliko grupu nzima. Baada ya oparesheni mbwa anafungiwa kwa wiki nyingi, anatoka kwa kamba tu, hakuna kukimbia, hakuna ngazi. Akiruka vibaya nyonga inachomoka. Binadamu anavumilia kwa sababu ameambiwa Disemba atatembea. Mbwa hana Disemba. Ana maumivu na mlango uliofungwa. Kwa mbwa wa miaka miwili mwenye miaka mingi mbele, naona hesabu inakubali, na mwenye pesa yake asisumbuliwe. Kwa wa miaka kumi, nashuku mara nyingi tunanunua amani ya roho zetu na kumtumia yeye bili ya uchungu.

Jirani yetu mmoja ana wa miaka kumi. Aliposikia bei ya chuma alicheka mpaka akakohoa, kisha akamuuliza daktari wa mifugo kitu gani kinawezekana wiki hii. Kuna upasuaji wa kukata tu kile kichwa cha mfupa bila kuweka chochote, misuli na kovu vishikilie mguu, lakini unafaa zaidi mbwa wadogo, na huyu ni dume zito. Akaambiwa ampunguze uzito. Kuna utafiti wa Labrador 48, uliochapishwa 2002, ambapo waliolishwa robo pungufu waliishi karibu miaka miwili zaidi na viungo vyao vikachelewa kuharibika. (Mbwa wengi wa Embu wako kwenye hiyo daeti bila kuulizwa.) Akapewa dawa ya maumivu ya mbwa, na onyo kali: asimpe Brufen ya nyumbani, inaweza kumuua. Siku hiyo hiyo mbwa akadungwa chanjo ya kichaa, ambayo kwa miaka kumi hakuwahi kupata hata mara moja, katika nchi iliyojiwekea lengo la kumaliza ugonjwa huo kwa binadamu ifikapo 2030.

Mnyororo ulitolewa jioni ile. Mbwa hakwenda popote. Alibaki pale pale kwenye duara la udongo mgumu alilochimba kwa kuzunguka, akiangalia geti.