Tanki Lisilopumua

Gari lilikuwa Toyota Hiace ya dizeli, kuukuu kuliko mimi, mali ya baba mdogo. Lilibeba watu na ndizi kati ya Ntobeye na Ngara mjini. Asubuhi liliwaka bila shida. Likishatembea kitambo, kwenye vilima, lilianza kusita: dereva anakanyaga mafuta, injini inatetemeka, inataka kuzima, inashika tena. Abiria walishuka wakapanda kilima kwa miguu. Wengine walidai nauli yao.

Fundi wa kwanza alisema ni filta. Tukabadilisha. Wa pili akasema nozeli. Zikafunguliwa, zikasafishwa. Wa tatu akataja pampu, na bei yake ingemlazimu baba mdogo kuuza ng'ombe.

Kabla hajauza, alijaribu gari mwenyewe alfajiri, kutoka nyumbani hadi sokoni na kurudi. Likaenda vizuri kabisa. "Mbona mimi halinisumbui?" aliuliza. Nami, kwa sauti ya mtu aliyerudi likizo kutoka chuoni, nikasema huenda dereva anauza dizeli njiani, kisha anachakachua inayobaki kwa mafuta ya taa. Sikuwa na ushahidi. Nilikuwa na maelezo tu, lakini yalioana na kila kitu, na sote tuliyapokea kwa nafuu. Siku hiyohiyo dereva aliacha funguo mezani. Ana watoto wanne.

Wiki tatu baadaye, mikononi mwa dereva mpya, gari likagoma kilimani. Akaitwa fundi mzee. Hakugusa injini. Aliuliza: linasita baada ya mwendo gani? Kwenye tambarare au kilimani? Likipumzika, linapona? Kisha akazunguka ubavuni, akafungua mfuko wa rambo uliofungwa kwa ukanda wa tyubu badala ya kifuniko cha tanki kilichopotea. Tanki likavuta hewa: fyuuu. Gari likapanda.

Mafuta yanapotoka kwenye tanki, lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Isipoingia, tanki linavuta mafuta nyuma wakati pampu inayavuta mbele, na injini inabaki na njaa. Mzunguko mfupi wa alfajiri haukutosha kulikaba tanki. Safari ya Ngara ilitosha. Tulilipima gari mahali ambapo kosa halionekani, tukamhukumu mtu aliyekuwa akiliendesha mahali linapoonekana.

Na mfuko ule niliufunga mimi, ili vumbi lisiingie. Nilikaza kwa nguvu zangu zote.

Aristotle alifundisha kwamba anayetenda bila kujua anaweza kusamehewa, lakini si yule ambaye kujua kulikuwa ndani ya uwezo wake. Nimejaribu kujificha kwenye nusu ya kwanza. Kwa mfuko, labda ninatosha humo: sikujua kwamba tanki hupumua. Kwa dereva, hapana. Siku ile alikuwa amesimama uani, hatua chache kutoka nilipokaa. Fundi aliliuliza gari maswali matatu. Mimi sikumuuliza mtu hata moja. Nozeli zilifunguliwa, zikarudishwa mahali pake. Jina la mtu, likishafunguliwa mbele ya majirani, nani analirudisha?

Nilimtafuta. Sasa anaendesha bodaboda ya mtu mwingine. Nilimweleza yote, mfuko na maneno yangu kuhusu mafuta ya taa. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza kama baba mdogo anajua nimekuja.

"Hapana, kaka."

"Kwa hiyo umekuja kupumua wewe," alisema. "Anza na yeye, mdogo wangu. Useme palepale uliposema mara ya kwanza, na waliokusikia wawepo."

Akapiga kiki, akaondoka. Jioni nilikaa uani nikimsubiri baba mdogo. Majirani wawili walipita, wakasalimia, nikawaomba wakae.