Sifa Hazimtoshi Marehemu



Tarehe 7 Julai, 2019, mzee Joe Kadenge alifariki mjini Nairobi, akiwa na umri wa miaka 84. Vijana wengi wa leo hawakumwona akicheza, lakini jina lake walilijua. Katika miaka ya 1960, alipoichezea Abaluhya United, timu ambayo baadaye iliitwa AFC Leopards, na alipoichezea timu ya taifa ya Kenya, watangazaji wa redio walizoea kusema, “Kadenge na mpira!” Maneno hayo mafupi yalitoka redioni yakaingia mitaani. Watoto waliocheza mpira wa matambara waliyatamka wenyewe, kila mmoja akijiona ndiye Kadenge. Basi siku ya msiba, watu ambao hawakupata hata kumpa mkono walisikitika kana kwamba wamefiwa na mtu wa nyumbani mwao.

Je, ni vibaya kumlilia mchezaji? Wako wasemao kwamba mpira ni mchezo tu, na machozi ya namna hiyo ni upuuzi. Sisi hatusemi hivyo. Mtu aliyechoka kwa kazi ya juma zima, akafurahishwa kwa ustadi wa mwenzake, amepokea kitu chema. Na anayepokea chema hana budi kushukuru. Nguvu za miguu na wepesi wa akili ni vipaji vitokavyo kwa Mwenyezi Mungu. Bwana wetu Yesu Kristu mwenyewe alitoa machozi kwenye kaburi la rafiki yake Lazaro. Hakuona aibu kulia, wala sisi tusiwaonee haya wanaolia.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa pia alipofariki Pelé wa Brazil, tarehe 29 Desemba, 2022, akiwa na miaka 82. Maiti yake iliwekwa katika uwanja wa timu yake ya Santos kwa muda wa saa 24, na watu zaidi ya 230,000 walipita kumwaga. Kisha jeneza likapitishwa mbele ya nyumba ya mama yake, bibi kizee wa miaka 100. Na siku mbili tu baada ya kifo cha Pelé, alifariki Baba Mtakatifu Benedikto wa 16, aliyekwisha kung'atuka. Mchezaji na Papa, mauti haikuuliza nani ni nani.

Machozi basi si dhambi. Lakini sisi Wakristu yafaa tujiulize: tukisha kulia, tumemfanyia nini marehemu? Sifa zetu hazimfikii. Alipokuwa uwanjani, makelele ya watazamaji yaliweza kumwongezea nguvu. Sasa amesimama mbele ya Hakimu asiyehesabu magoli, na shangwe zetu haziwezi kumwongezea kitu. Kumtangaza kuwa tayari yuko mbinguni kwa sababu alicheza vizuri si kazi yetu, na kumhukumu si kazi yetu pia. Kazi yetu ni kumwombea.

Kitabu cha Wamakabayo chatueleza habari za Yuda Mmakabayo. Askari wake hodari walipouawa vitani, hakutosheka kuwasifu kwa ushujaa wao. Alichanga fedha, akazipeleka Yerusalemu ili itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi zao, maana aliamini ufufuko. Kadhalika Mtakatifu Monika, alipokuwa mahututi huko Ostia mwaka 387, mbali na kwao Afrika, alimwambia mwanawe Agostino kwamba mahali pa kuuzika mwili wake hapamsumbui. Alichotaka ni kukumbukwa altareni. Mama huyu alijua tofauti kati ya ukumbusho unaomfariji aliye hai na ukumbusho unaomsaidia aliyekufa.

Liko jambo jingine. Sisi tunaoandika haya tuko Ziba, katika nchi ya Unyamwezi, nchi ya njia za zamani za misafara. Hapa twajua kwamba watu hukumbuka majina machache na kuyasahau mengi. Mwaka 1873, Daktari Livingstone alipofariki huko Chitambo, watumishi wake waliuchukua mwili wake kwa miguu, wakapita Unyanyembe, karibu na Tabora, wakafika Bagamoyo mwezi Februari, 1874. Huko mwili ulilazwa usiku mmoja katika misheni ya mapadre Wakatoliki, ingawa marehemu hakuwa wa dini yao. Kisha ukavushwa bahari, ukazikwa London kwa heshima kubwa. Dunia nzima yamjua Livingstone. Wengine wawajua Susi na Chuma waliouongoza msafara ule. Lakini wale wengine waliobeba, je, nani anawataja? Na wale maelfu ya wapagazi wa Kinyamwezi waliochukua pembe na mizigo mabegani kwenda pwani, wakafa njiani kwa ndui na njaa, nani anawasomea majina yao?

Ndivyo ilivyo na katika mpira. Kadenge hakuwa na mpira ila alipopewa na mwenzake. Walikuwako walinzi walioupokonya, na kipa aliyeudaka, na wakimbiaji waliouleta mpaka miguuni pake. Redio ilitaja jina moja. Mwenyezi Mungu anayajua yote kumi na moja, na jina la yule mzee aliyepiga chokaa mistari ya uwanja. Basi tunapomwombea mkubwa, tuwaombee na hao wasio na mwombezi.

Neno letu la mwisho ni zito zaidi, nalo latuhusu sisi tulio hai. Yule aliyeshangiliwa na maelfu, katika miaka yake ya baadaye aliendesha teksi mjini Nairobi, kisha akapatwa na kiharusi. Wako waliomtembelea na kumsaidia, Mungu awalipe. Lakini malalamiko kwamba wachezaji wa zamani wanasahauliwa yamesikika mara nyingi katika nchi zetu, na kila mara yanasikika kwa sauti kubwa zaidi siku ya maziko. Kwa nini siku hiyo? Kwa sababu kumsifu mfu hakuna gharama. Mfu haombi dawa, hahitaji kuogeshwa kila asubuhi, wala harudii hadithi moja mara kumi.

Tusiwanyoshee kidole watu wa mpira peke yao. Tutazame nyumbani mwetu. Kijana yuko mjini, amebandika picha ya mchezaji marehemu katika simu yake na kuandika maneno ya uchungu. Lakini kwa simu hiyohiyo hajamsalimu mama yake tangu Pasaka. Mama huyo ndiye aliyelima pamba kwa jembe la mkono ili yeye apate karo. Katekista mzee, aliyekwenda kwa miguu kutoka kigango hadi kigango akitufundisha Ishara ya Msalaba, anakaa peke yake barazani, na chakula anakipata kikiwa kimepoa. Siku atakapokufa tutachinja ng'ombe, tutakodi maturubai, tutapiga picha, na kila mmoja atasimama kusema jinsi alivyompenda. Thamani ya nusu ya ng'ombe yule ingetosha kumpeleka hospitali.

Ndugu zetu, Amri ya Nne haikusema tuwaheshimu baba na mama wakiisha kufa. Na Bwana Yesu alipotueleza habari za hukumu ya mwisho, alitaja wenye njaa, na wagonjwa, na wafungwa, yaani watu walio hai wanaoweza kulishwa na kutazamwa.

Basi, enyi baba na mama wa familia za Kikristu, tunawasihi mfanye mambo mawili kabla ya Dominika ijayo. La kwanza, jioni mkikusanyika kusali, waacheni watoto wataje majina ya marehemu wa ukoo wenu, hata wale ambao kaburi lao halijulikani. Na mkiweza, pelekeni nia ya Misa kwa ajili yao. La pili, chagueni mzee mmoja aliyesahauliwa hapo jirani, mwende kwake pamoja na watoto, msiende mikono mitupu, mkae naye, mmsikilize. Pengine naye zamani alikuwa na siku yake ya kushangiliwa. Mwacheni aisimulie angali na sauti.

Mwenyezi Mungu awarehemu marehemu wote, wenye majina makubwa na wasio na jina, na atujalie sisi moyo wa kuwapenda wazee wetu wangali pamoja nasi.