Punje ya Mchanga na Swali la Asili

Wahenga walisema kuwa mwacha asili ni mtumwa. Neno hilo nimelisikia tangu utotoni, na kwa miaka mingi sikuona kama lina ubishi. Nilianza kulifikiri upya huko Kinole, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru.

Kilikuwa kikao cha ukoo juu ya shamba dogo la migomba na pilipili manga. Mtu aliyelilima zaidi ya miaka ishirini aliambiwa mbele ya wazee kwamba hana neno, kwa kuwa bibi yake mzaa mama “alikuja tu”. Kwa Waluguru mtoto huhesabiwa upande wa mama, na ardhi hufuata lukolo, yaani ukoo wa upande huo. Kumwambia mtu kuwa bibi yake alikuja ni kumkata mzizi. Nilijua kuwa hata koo zile zilizokaa mbele husimulia jinsi wazee wao walivyopanda mlimani wakitokea pande mbalimbali. Nilijua, lakini nilinyamaza.

Jioni nilishuka mtoni kunawa miguu, nikachota mchanga kiganjani. Mlikuwa na punje nyeupe za kwatsi na chache nyekundu za garneti. Mchanga huo hushuka hadi mto Ruvu, na baadhi yake hufika Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Atakayeuokota huko atauliza: umetoka wapi?

Wataalamu wa miamba wana njia ya kuuliza. Ndani ya mchanga hutafuta punje ndogo sana za madini yaitwayo zirkoni. Zirkoni inapozaliwa katika joto la ardhini hupokea urani kidogo, lakini hukataa risasi. Urani hiyo hugeuka kuwa risasi polepole, kwa mwendo unaojulikana: nusu yake huisha katika miaka milioni 4,470 hivi. Basi mtaalamu hupima risasi iliyomo, akajua umri wa punje, kisha akatafuta milima yenye miamba ya umri huo.

Miamba ya Uluguru ina habari ya kustaajabisha. Sehemu yake kubwa ilipikwa zaidi ya kilomita 20 chini ya ardhi, miaka milioni 640 hivi iliyopita, wakati mabara yalipogongana na kuinua safu ndefu ya milima. Tunachokikanyaga leo ni mizizi ya milima ile, iliyoinuliwa tena baadaye sana. Vilele vya kwanza havipo tena. Vilisagika vikawa mchanga, vikachukuliwa na mito iliyokwisha kukauka, na mchanga wa namna hiyo ukigandamana huwa jiwe jipya.

Hapa ndipo penye funzo. Jiwe la mchanga nalo humomonyoka, na zirkoni, kwa kuwa ni ngumu, hutoka nzima ikaingia katika jiwe jingine, na pengine jingine tena. Umri wake haubadiliki. Punje inakuambia ilizaliwa lini; haikuambii imepita wapi wala imekaa wapi. Zaidi ya hayo, punje za umri kama huo zimeenea katika nchi nyingi zilizokuwa bara moja la kale liitwalo Gondwana. Kwa sababu hiyo mtaalamu mwangalifu hatoi hukumu kwa zirkoni peke yake. Huangalia pia tabaka za jiwe zimelalia upande gani, apate kujua maji yalitiririka kwenda wapi, na huchunguza madini mengine yanayoandamana nayo.

Je, basi asili si kitu? La hasha. Pasipo kumbukumbu ya ukoo, mwenye fedha angekuja akachukua mlima wote, na wajane wangekuwa wa kwanza kufukuzwa. Asili ni shahidi anayestahili kusikilizwa. Kosa letu ni kumfanya shahidi mmoja kuwa hakimu. Tunamwuliza mtu bibi yake alitoka wapi, na hatumwulizi nani alipanda migomba hii, nani alizuia udongo usichukuliwe na mvua, nani alibeba maiti zetu mabegani.

Kikao kilipoitishwa tena niliomba ruhusa, nikawasimulia wazee habari za safari za koo zetu kama nilivyozipokea kwao wenyewe. Mmoja alicheka, mwingine alikasirika. Shauri liliahirishwa mpaka baada ya mavuno, na yule bwana akarudi kupalilia.

Mwacha asili ni mtumwa, sikatai. Lakini na yule anayemfunga mwenzake kwa asili yake, tumwiteje?