Kama Mungu Ndiye Aliyechagua

Jumatatu ya tarehe 15 Agosti 2022, baada ya purukushani jukwaani pale Bomas of Kenya, Wafula Chebukati, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, alimtangaza William Ruto kuwa rais mteule. Kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila Odinga, asilimia 50.49 kwa 48.85. Eldoret, ngome ya mshindi, ikalipuka kwa vifijo. Kondele, mjini Kisumu, ngome ya Raila, matairi yakawaka barabarani. Mshindi aliposhika kipaza sauti alianza kwa Mungu: bila Yeye, alisema, wasingefika hapo.

Mpiga kura wa Eldoret aliitika amina. Lakini yule wa Kisumu naye ni mcha Mungu. Naye alikesha akiomba, akapanga foleni alfajiri, akachovya kidole kwenye wino. Sasa amwambie nini Mungu huyo huyo? Tofauti kati ya wawili hawa ilikuwa kura 233,211, na ni vigumu kuamini kwamba upendeleo wa Mbinguni unapimwa kwa hesabu nyembamba namna hiyo.

Kwamba kiongozi hutoka kwa Mungu ni kauli inayosikika kwenye matanga, kwenye matatu na kwenye mimbari. Wakristo huitegemeza kwa sura ya 13 ya Waraka kwa Warumi, Waislamu kwa aya ya Aal Imran inayosema Mungu humpa ufalme amtakaye. Aya hiyo inaendelea kusema kwamba humvua amtakaye pia, ila sehemu hiyo haisomwi sana siku ya kuapishwa. Naye Paulo aliwaandikia watu wa Roma wakati wa Nero, watu ambao hakuna aliyewahi kuwaomba kura. Kuuchukua waraka ule na kumsomea mtu mwenye kadi ya mpiga kura mfukoni ni kumbebesha utii bila kumtajia kwamba yeye ndiye aliyemweka mtawala huyo.

Kauli hii ilipata mtihani mgumu mwaka 2017. Uchaguzi wa tarehe 8 Agosti ulimpa Uhuru Kenyatta asilimia 54.27, na wafuasi wake wakatoa shukrani makanisani. Mwaka huo Raila, mpinzani wake, alikuwa amejiita Yoshua, akiahidi kuwavusha watu wake hadi Kanaani. Kisha, tarehe 1 Septemba, Mahakama ya Juu ikaubatilisha ushindi ule kwa majaji wanne dhidi ya wawili. Wanne hao waliongozwa na Jaji Mkuu David Maraga, Msabato aliyekuwa ametamka wazi kwamba hatasikiliza kesi siku ya Sabato. Basi ni nani aliyebatilishwa siku ile? Kama matokeo ya Agosti yalikuwa mapenzi ya Mungu, majaji wanne walimpindua Mungu katika muda usiofika mwezi. Kama Mungu alisema kupitia majaji, zile takwimu za Agosti zilikuwa za nani? Nyumba zilizoimba Agosti zilinyamaza, na zile zilizolia zikaanza kuimba. Katika uchaguzi wa marudio wa tarehe 26 Oktoba Raila alijitoa, waliojitokeza hawakufika asilimia 40, na Uhuru akapata takriban asilimia 98. Shukrani zikatolewa tena.

Swali la nani hasa huchagua si jipya. Mwanatheolojia wa Kiislamu Abul-Hasan al-Ash'ari, aliyefariki Baghdad katika karne ya 10 na ambaye itikadi yake imefundishwa sana katika madrasa za pwani, alisema kitendo huumbwa na Mungu lakini mja hukichuma kwa hiari yake, ndiyo maana hesabu ni ya mja. Anayeamini hivyo anaweza kusema kwa moyo mweupe kwamba Mungu ndiye aliyempeleka Ruto Ikulu, huku akikiri kuwa alama aliyoiweka kwenye karatasi ni yake na ataulizwa juu yake. Wanazuoni hutenganisha pia yale ambayo Mungu hujaalia yatokee na yale anayoyaridhia. Firauni alitawala kwa kudra. Ridhaa ni jambo lingine kabisa.

Wakristo wana kisa cha nabii Samweli. Wazee wa Israeli wanadai mfalme, nabii anachukizwa, Mungu anamwambia awasikilize ila kwanza awaonye: mfalme atawachukua wana wao na kuwatoza sehemu ya kumi ya mazao. Kura inapigwa kwa makabila, koo na watu hadi inamwangukia Sauli, ambaye anakutwa amejificha kwenye mizigo. (Mgombea wa aina hiyo Kenya haijabahatika kumpata.) Baadaye Mungu huyo huyo anamkataa Sauli. Kumbe hata katika kitabu kinachonukuliwa zaidi na wanasiasa, kuteuliwa na Mungu hakumpi mtu hatimiliki ya kiti.

Katiba ya 2010 imeyaweka mambo haya mawili jirani. Utangulizi wake unakiri ukuu wa Mungu Mwenyezi. Kifungu cha 1 kinasema mamlaka yote makuu ni ya wananchi wa Kenya. Hayagongani, ila yanampa mpiga kura mzigo ambao sala peke yake haiwezi kuutua.

Mzigo huo ulionekana pale ulipokosa wa kuubeba. Samuel Kivuitu, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi wakati huo, alimtangaza Mwai Kibaki mshindi tarehe 30 Desemba 2007, kisha siku chache baadaye akasema hajui kama kweli Kibaki alishinda. Katikati ya kauli hizo mbili, tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto likiwa na wakimbizi ndani. Vurugu za msimu ule ziliua watu zaidi ya 1,100. Baraza la Makanisa, NCCK, lilikiri Februari mwaka huo kwamba viongozi wake walikuwa wameegemea pande. Hao ndio waliokuwa wakiwaambia waumini Mungu anamtaka nani.

Ndiyo maana kilichobadilika mwaka 2022 kinastahili kutazamwa. Fomu 34A, zenye matokeo ya kila kituo, za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa mtandaoni, na yeyote mwenye simu na subira aliweza kujumlisha mwenyewe. Mcha Mungu wa Kisumu alikuwa na haki ya kulia mbele ya Mola wake, na alikuwa pia na fomu za kukagua. Wa Eldoret naye, Juni 2024, serikali aliyoitikia amina ilipoleta Mswada wa Fedha, alilazimika kuamua malalamiko yake ayapeleke wapi. Vijana, wengine wakiwa hawajafika umri wa kupiga kura mwaka 2022, waliusoma mswada ule kifungu kwa kifungu, wakawapigia simu wabunge wao, na tarehe 25 Juni wakaingia Bungeni. Kesho yake Rais, ambaye ushindi wake ulihesabiwa kuwa umetoka juu, alisema hatautia sahihi.