Tawi Lililokatwa: Ujumi na Deni la Msanii

Uhakiki wetu umezoea kuipima kazi ya sanaa kwa kudumu kwake. Shairi lililohifadhiwa katika hati hutukuzwa. Koja la asumini lililotungwa jioni na kunyauka alfajiri halitajwi. Makala haya yanakihoji kipimo hicho kwa kuuliza swali la kimaadili: je, msanii ana haki ya kukatiza uhai ili aumbe uzuri? Swali hili lina uzito wa pekee katika nyika za Masinga, Machakos, ambako miti mingi hupukutisha majani wakati wa kiangazi, na tawi linalodhaniwa limekufa huenda linasubiri mvua tu.

Mfano mwafaka tunaupata katika ikebana, sanaa ya Wajapani ya kupanga maua. Chimbuko lake ni desturi ya kutoa maua mbele ya sanamu za Buddha, na mkondo wake mkongwe zaidi, Ikenobo, una makao katika hekalu la Rokkakudo, mjini Kyoto. Tuchukulie kwamba mpangaji amevutiwa na mchoro wa mwaka 1086 uliohifadhiwa Koyasan, unaomwonyesha Buddha akiaga dunia katikati ya miti. Katika jadi ya michoro ya tukio hili maumbile nayo huomboleza: baadhi ya miti huchanua, mingine hunyauka. Ili kuyaeleza hayo, mpangaji huweka tawi kavu kando ya chipukizi katika chombo kimoja. Hapa ndipo penye utata. Mchoraji aliigiza kunyauka kwa mti bila ya kuugusa. Mpangaji hana budi kuukata. Anatufunza ufupi wa uhai kwa kuufupisha.

Je, mchoraji ndiye mwadilifu zaidi? La hasha. Mchoro ule ulichorwa juu ya hariri, na kwa kawaida hariri hupatikana kwa kuvichemsha vifukofuko pamoja na viwavi vilivyomo. Hali kadhalika vinyago vya Wakamba. Mutisya Munge wa Wamunyu, katika Machakos hiyohiyo, alijifunza uchongaji Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Kutokana na ujuzi huo ilizuka biashara kubwa, nayo ikachangia kuipunguza mihugu hata baadhi ya wachongaji wakageukia mwarobaini na mwembe. Twiga wa muhugu aliyepambwa sebuleni hamkumbushi mnunuzi mti ulioangushwa. Kwa hiyo, kudumu kwa kazi hakufuti gharama yake, huificha.

Koja na ikebana haziwezi kuficha hivyo. Petali inayoanguka mbele ya mtazamaji ni ungamo kwamba uzuri huu ulilipiwa. Hata hivyo, uwazi huo si msamaha. Uchache wa mashina chomboni hautuambii wingi wa maji yaliyoyakuza, jambo linaloeleweka vyema Kenya, ambako maua mengi yauzwayo Ulaya hukuzwa kwa kutegemea maji ya Ziwa Naivasha. Waridi moja laweza kuonekana kiasi, kumbe lina kiu ya wengi ndani yake.

Tunachosisitiza, basi, ni kwamba haki ya kukata haitokani na uzuri utakaopatikana, wala na muda utakaodumu. Inatokana na wajibu wa aina mbili: kukijua kinachokatwa kabla ya kukikata, na kutolificha deni baada ya kukikata. Kandokando ya bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, wajibu wa kwanza si falsafa ya mbali: gome la tawi kavu likikwaruzwa kidogo, ubichi uliomo huonekana, na mkono hupata sababu ya kusita. Wajibu wa pili unatuhusu sisi wahakiki. Tunapoisifu kazi kwa kuishinda mauti, yatupasa pia kuuliza ni uhai wa nani uliotolewa ili ishinde. Karatasi iliyobeba tahakiki hii haina kinga mbele ya swali hilo.